Mashine kwanza ama mtu kwanza? Vijana wetu na masomo ya radio, ekografi na skaneri

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, wazazi wanaanza kupita nyumbani kwa wachungaji. Mmoja anaomba maombi, mwingine anaomba barua ya kumtambulisha mtoto kwenye chuo, na wengi wanaomba msaada wa minervali. Zamani mtoto mwenye asilimia nzuri aliitwa daktari ama mwanasheria kabla hata hajafungua mdomo. Siku hizi tunasikia jina lingine: imajeri. Mzazi analitamka kwa shaka, kisha anauliza: "Mchungaji, hiyo ni kazi ya kupiga picha tu? Miaka yote hiyo kwa ajili ya kupiga picha?"

Swali hilo linagusa hospitali zetu kuliko wazazi wanavyodhani. Imajeri ya kitabibu ni kazi ya kuona ndani ya mwili bila kuupasua. Ndani yake mna radio (si ile ya kusikiliza habari), ekografi, skaneri, na IRM katika miji mikubwa michache. Hospitali nyingi za mashariki ya nchi yetu zimejengwa na jumuiya za Kanisa la Kristo katika Kongo, na jumuiya hizo ndizo zinazohangaika kila mwaka kutafuta vyombo hivi. Barua zinaandikwa kwa marafiki wa ng'ambo, sadaka ya pekee inakusanywa, kontena linangojewa forodhani miezi mingi. Siku mashine inapofika, tunaimba. Kisha tunaanza kuuliza nani ataishika.

Sisi tunaona utaratibu huu umepinduka. Makanisa yetu yanatafuta mashine kwa bidii na yanamwacha kijana atakayeitumia apambane peke yake na minervali, nyumba ya kupanga na staji. Katika hali ya vita tuliyo nayo, hilo ni kosa la gharama kubwa.

Tuanze na masomo yenyewe, maana wengi wetu hatuyajui. Kijana anayeingia katika idara hii akidhani atafundishwa kubonyeza kitufe anashtuka mwezi wa kwanza. Anakutana na fizikia. Katika mashine ya radio kuna bomba ambalo ndani yake elektroni zinarushwa kwa nguvu juu ya kipande cha chuma, mara nyingi tungsteni. Karibu nguvu yote inageuka kuwa joto. Asilimia 1 hivi tu ndiyo inayotoka kama miale ya X. Mwanafunzi anapaswa kujua achague nguvu gani ya umeme na kiasi gani cha miale, kwa sababu kifua cha mzee aliyekonda kwa kifua kikuu si sawa na kifua cha mama mnene. Akizidisha, picha inakuwa nyeusi na mgonjwa amepokea miale bure. Akipunguza, picha haisomeki, inabidi kurudia, na mgonjwa anapokea miale mara mbili.

Kisha kuna anatomia, mfupa kwa mfupa, na namna ya kumweka mgonjwa. Hapo ndipo mtu aliyesoma anatofautiana na aliyeonyeshwa juu juu. Kwa radio ya mapafu mgonjwa anasimama, kifua kimegusa bamba, miale inatoka mgongoni, mabega yamesukumwa mbele, anavuta pumzi na kuishika. Kwa nini miale itoke nyuma? Kwa sababu moyo uko karibu na kifua. Ukimlaza chali na kupiga kutoka mbele, moyo unakuwa mbali na bamba na kivuli chake kinapanuka. Daktari asiyeambiwa namna picha ilivyopigwa anaweza kuona moyo uliovimba na kuanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Hata ile herufi ndogo pembeni ya filamu, D ama G, kuonyesha upande wa kuume ama wa kushoto, si pambo. Herufi ikikosewa, mpasuaji anaweza kufungua mguu mzima.

Waamini wetu wanatuletea bahasha hizo kanisani tuziombee. Tunaziombea. Lakini tungependa kila anayeileta ajue kwamba ndani ya bahasha ile mna kazi ya mtu, na kazi hiyo inaweza kuwa nzuri ama mbaya.

Ekografi ni jambo lingine. Haitumii miale bali sauti ambayo sikio halisikii, inayoingia mwilini na kurudi kama mwangwi. Haina hatari ile ya miale, na kwa sababu hiyo watu wameichukulia kuwa rahisi. Sisi tunasema ni kinyume. Picha ya radio ikishapigwa, mwingine anaweza kuiangalia kesho na kuona alichokosa wa kwanza. Katika ekografi picha inazaliwa na mkono: kile ambacho mkono haukukitafuta hakikuonekana, na hakuna atakayekiona kesho. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa pendekezo mwaka 2016 kwamba kila mama mja mzito afanyiwe ekografi moja kabla ya wiki ya 24. Sababu ni wazi: kujua umri wa mimba, kujua kama ni mapacha, kuona mapema kasoro fulani za mtoto. Na kondo la nyuma lililoziba njia, mambo yaliyowaua mama zetu wengi njiani wakibebwa kwa tipoi, linaonekana kwa chombo hichohicho miezi ya baadaye.

Sasa tembea katika miji yetu uone vibao vilivyoandikwa "Ekografi hapa". Baadhi ya wanaofanya kazi nyuma ya vibao hivyo ni watu waliosoma vizuri. Wengine walionyeshwa kwa wiki chache na rafiki, wakanunua chombo cha mitumba, wakafungua mlango. Mama analipa, anapewa karatasi yenye maneno ya Kifaransa na muhuri, anarudi na furaha. Hatuwezi kuwalaumu akina mama. Wanaona skrini, wanaona mtoto anachezacheza, wanaamini. Lakini hospitali ikipokea mama huyo usiku wa manane, damu ikitoka, na karatasi inasema kila kitu ni sawa, daktari wa zamu ndiye anayelipa deni la kibao kile.

Turudi kwa mwanafunzi. Katika nchi yetu masomo haya yanapatikana hasa katika taasisi za juu za ufundi wa tiba, zile tunazoziita ISTM. Ile ya Kinshasa ina jina la siku nyingi katika idara hii. Katika mfumo wa zamani mtu alisoma gradua miaka mitatu, akaitwa A1, na aliyeendelea miaka miwili zaidi akapata lisansi, akaitwa A0. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mfumo wa LMD: lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, halafu masta. Hapa kuna mtego ambao wazazi na hata wasimamizi wa hospitali wanauingia. Neno ni lilelile, lisansi, lakini ile ya zamani ilikuwa ya miaka mitano na hii ya sasa ni ya miaka mitatu. Tusimdharau wa sasa, wala tusimdai kijana wa miaka mitatu ujuzi wa yule wa miaka mitano. Muulizeni amefanya staji wapi na kwa miezi mingapi.

Tena kuna kutochanganya kazi mbili. Aliyesoma imajeri anaitwa fundi ama teknolojia wa imajeri: anapiga picha, anaangalia ubora wake, anamlinda mgonjwa na miale. Radiolojia ni daktari aliyemaliza udaktari kisha akasoma miaka mingine mingi ili kusoma picha na kutoa hukumu ya ugonjwa. Madaktari wa namna hiyo ni wachache sana nchini, na wengi wao wako Kinshasa. Kwa hiyo katika hospitali ya ndani fundi wa imajeri anajikuta akiulizwa na daktari wa kawaida, "Wewe unaona nini hapa?" Hata kama sheria ya kazi haimpi hukumu hiyo, maisha yanampa. Ndiyo maana tunataka awe amesoma sana.

Tatizo kubwa la masomo haya kwetu ni staji. Fizikia inaweza kufundishwa kwa chaki. Anatomia inaweza kufundishwa kwa kitabu. Skaneri haifundishwi kwa chaki. Kuna vijana wanaomaliza, wanatetea TFC yao mbele ya juri, wanapewa toga na kupigwa picha na familia, nao hawajawahi kumlaza mgonjwa hata mmoja ndani ya skaneri. Walisimama mlangoni, wanafunzi kumi na watano nyuma ya kioo kimoja, huku fundi mmoja aliyechoka akifanya kazi haraka kwa sababu mazuti ya jenereta yanahesabiwa. Hatuwataji wakuu wa vyuo wala wa hospitali, maana wengi wanafanya wanachoweza. Lakini mzazi anayelipa ana haki ya kujua, kabla hajalipa, chuo kina mapatano na hospitali gani na kama idara yenyewe imekubaliwa na wizara. Yesu alizungumzia mtu anayetaka kujenga mnara akaketi kwanza kuhesabu gharama. Gharama ya masomo haya si minervali peke yake. Ni nauli ya kwenda kwenye staji, ni koti, ni chakula cha miezi ile, na mara nyingi ni mji mwingine.

Vita vimegeuza hesabu hiyo yote. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Familia iliyokuwa Beni ama Bunia na mtoto Goma ilianza kutafuta njia za kutuma pesa kwa simu, kwa makato, ama kupitia mtu anayevuka mpaka. Wanafunzi wengine walikatisha mwaka. Wengine walivuka kwenda Kampala ama Kigali, ambako Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Rwanda vinafundisha kazi hii kwa ngazi ya digrii. Huko wanaanza na Kiingereza, na wakirudi watahitaji diplome yao itambuliwe na Kinshasa. Si njia mbaya. Ni njia ndefu, na ni ya wenye uwezo.

Katika siku zilezile za Januari 2025 hospitali za Goma zilijaa watu wa risasi na vipande vya mabomu. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa kimataifa unasaidia upasuaji, ilipokea watu kupita nafasi zake. Ndugu wasomaji, fikirini kazi ya fundi wa radio siku kama hiyo. Risasi iko ndani ya paja. Picha moja kutoka mbele inasema kama iko kuume ama kushoto kwa mfupa, lakini haisemi kama iko mbele ama nyuma. Kwa hiyo lazima picha ya pili, ya ubavu, na mgonjwa anapiga kelele, hawezi kugeuka. Fundi aliyesoma anajua kumwacha mgonjwa alivyo na kuizungusha mashine. Yule asiyesoma anamgeuza mgonjwa, na mfupa uliovunjika unakata mshipa.

Jambo hili lina historia yake, na inafaa ijulikane makanisani. Miale ya X iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, naye alikataa kuifanya mali yake. Aliiacha itumiwe na wote. Vita vya 1914 vilipoanza Ulaya, Marie Curie, ambaye tayari alikuwa amepata tuzo ya Nobel mara mbili, aliona kwamba mashine za radio ziko katika hospitali za mijini na majeruhi wako mbali, karibu na mstari wa vita. Alitafuta magari, akayawekea mashine, na umeme ukatoka kwenye dinamo iliyozungushwa na injini ya gari lenyewe. Magari yalifika kama 20. Yeye mwenyewe alijifunza kuendesha, akajifunza anatomia. Binti yake Irène, ambaye vita vilipoanza alikuwa hajafikisha miaka 17, alifanya kazi hiyo pamoja naye. Lakini baada ya muda tatizo halikuwa tena magari. Watu wa kuyatumia hawakutosha. Hivyo mwaka 1916 Curie alianza kufundisha wanawake huko Paris, katika Taasisi ya Radium, na kufikia mwisho wa vita wanawake wapata 150 walikuwa wamefunzwa.

Tunaomba wakuu wa jumuiya wautazame mwaka huo, 1916. Vita vilikuwa katikati. Pesa haikuwepo. Mama huyo hakusema tungoje amani ndipo tufungue shule.

Sisi wenyewe tuna ushuhuda ulio karibu zaidi. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde katika Ituri, kazi ya misheni na makanisa kadhaa ya Kiprotestanti, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, wafanyakazi waliuawa, vyombo viliporwa. Walionusurika walikimbia kwa miguu kupitia porini kuelekea Oicha, na baadaye kazi ya tiba ikaendelea huko, Beni na Bunia. Hakuna aliyekimbia na mashine mgongoni. Kilichofika Oicha ni kile kilichokuwa katika vichwa na mikono ya watu. Tukitaka kujua sadaka ya kanisa iwekwe wapi katika nchi inayoporwa mara kwa mara, Nyankunde inatosha kutujibu.

Hata mahali pasipo na vita hesabu ni ileile. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa utafiti uliokusanya habari za vyombo vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Karibu asilimia 40 vilikuwa havifanyi kazi. Kati ya sababu kubwa walizotaja ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu, na umeme ama maji yasiyofaa. Tukizungukia hospitali zetu wenyewe tutaona chumba kimoja kimefungwa, ndani mna chombo kilichofunikwa shuka. Umeme uliruka kikaungua. Ama kilikuja na maandishi ya Kijerumani. Ama aliyejua kukitumia ameajiriwa na shirika la kigeni mjini. Chombo kile kilibarikiwa kwa nyimbo.

Jambo lingine linatuuma, na tutalisema kwa ufupi. Madini ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo yaliyoipa Ubelgiji utawala wa soko la radium duniani tangu miaka ya 1920, na radium hiyo ikatibu kansa katika hospitali za Ulaya. Mwaka 1959 Kinshasa ilipata reakta ya nyuklia ya kwanza katika Afrika, TRICO, kwenye chuo cha Lovanium. Nchi yenye historia hiyo bado inamtafuta fundi wa kumpigia mama wa Walikale radio ya kifua.

Sasa hofu ya wazazi. Mama wengi wanakataa binti asome kazi hii kwa sababu wamesikia miale inaua uzazi. Hatutawacheka. Watu wa kwanza wa kazi hii waliumia kweli. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono kwa ajili ya vidonda vya miale na akafa mwaka 1904. Huko Hamburg kuna nguzo iliyosimamishwa mwaka 1936 yenye majina ya waliokufa kwa kazi ya miale. Marie Curie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na Irène naye mwaka 1956 kwa kansa ya damu. Ndiyo sababu leo somo la kujilinda na miale haliepukiki chuoni.

Kanuni zenyewe si siri. Ukienda mbali na chanzo mara mbili, miale inayokufikia inabaki robo. Kwa hiyo fundi anasimama nyuma ya ukuta wenye risasi (hapa tunasema madini ya risasi, siyo ya bunduki), anavaa aproni yenye madini hayo, na anabeba kifuani kipimo kidogo kinachohesabu miale anayopokea. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa kwa mfanyakazi ni milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na kwa mtu wa kawaida ni 1. Radio moja ya kifua, ikipigwa vizuri, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milisivati. Skaneri ya tumbo inaweza kufika 8 ama 10. Fundi mwanamke akipata mimba anapaswa kumjulisha mkuu wake, na kazi yake inapangwa ili mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisivati 1 kwa muda wote unaobaki. Binti anayefanya kazi mahali panapofuata hayo anaweza kuzaa kama dada zake. Mahali pasipofuata, hata mwanamume asikubali kufanya kazi. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2002 kuhusu hatari za miale, na ina kamati ya taifa, CNPRI, ya kuisimamia. Hospitali ya kanisa isingoje mkaguzi kutoka Kinshasa ndipo ijenge ukuta. Fundi wetu anayetumia mashine miaka kumi bila kipimo kifuani ni kondoo wetu tunayemtoa dhabihu bila kuulizwa.

Tunasikia pia swali la vijana wenye simu kubwa: kwa nini tusomee kazi ambayo kompyuta itaichukua? Ni kweli kwamba mwaka 2021 OMS ilikubali programu za kompyuta zisome radio za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na Kongo ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Sisi tunafurahi. Programu hiyo ni msaada mahali ambapo radiolojia hayupo. Ila inasoma picha iliyopigwa. Haimsimamishi mzee kwenye bamba, haimwambii avute pumzi kwa Kiswahili, Kinande ama Kishi, haimtulizi mtoto, haijui kwamba kivuli kwenye filamu ni kifungo cha shati ambacho hakuna aliyekivua.

Basi parokia ifanye nini? Hatuna fedha nyingi, lakini tunazo za mashine, kwa hiyo tusiseme hatuna kabisa. Tungependa jumuiya ambayo inapanga kuomba ama kununua chombo iandike katika mpango uleule jina la kijana, mwanamume ama mwanamke, atakayesomeshwa, na fedha yake iwekwe mbele ya fedha ya chombo. Achaguliwe kwa alama za hesabu na fizikia, si kwa kuwa ni mtoto wa mzee wa kanisa. Tunajua tunachosema. Alipiwe staji, si minervali peke yake, na staji ifanywe katika hospitali mbili angalau, moja ikiwa na wagonjwa wengi. Vyuo vikuu vya makanisa yetu, ULPGL ya Goma na UEA ya Bukavu, vina fakulti za udaktari na hospitali marafiki. Wakuu wao wanaweza kuketi na ISTM kuona namna ya kugawana nafasi za staji, badala ya kila mmoja kugombea kioo kilekile.

Kuhusu mkataba wa kurudi kutumika, wengi wanauliza kama ni haki kumfunga kijana. Tunaona miaka mitatu ya kazi baada ya masomo ni haki, ikiwa mshahara unalipwa. Kijana asiyelipwa miezi minane akiondoka kwenda kwenye shirika, asiitwe mwasi kutoka mimbarani. Na mkataba uwe na kifungu cha vita: barabara ya kurudi kwao ikifungwa, miaka yake ihesabiwe katika hospitali yoyote ya jumuiya za ECC atakayokuwa amefika, iwe Bunia, Butembo, Uvira ama Kisangani, na jumuiya iliyomsomesha isimdai kitu.